Madereva Wenye Mimba

Siku niliyoaga kazi walinikatia keki, wakanipa kitenge, na mkubwa wa sasa akasoma hotuba ndefu ambayo mimi sikuwemo ndani yake. Tulipofika kwenye soda, Nadine, yule binti anayeingiza karatasi zetu za zamani kwenye kompyuta, alinivuta pembeni.

"Bibi, mi niko na swali. Kwa nini madereva wetu wa wakati wa vita walikuwa na mimba?"

Nilicheka mpaka meno yangu ya bandia yakataka kuanguka kwenye fanta. Akaniambia, "Usicheke, andika. Sisi tunaobaki tutazifahamu namna gani?" Basi ninaandika. Nimesoma mpaka darasa la tatu na chuo cha Kurani, kwa hiyo makosa ya herufi Nadine atayarekebisha. Makosa mengine yote yaliyomo humu ni ya wakubwa. Anayetaka Kifaransa akasome ripoti, zipo kabatini, na hadi sasa ni panya peke yao waliozisoma mpaka mwisho.

Kichwa changu kina kazi moja wanayoijua watu wote wa Buyenzi, kartie yetu, mtaa wetu hapa Bujumbura: kinashika majina. Nitajie barabara, nitakupa nyumba kwa nyumba, nani alizaa, nani alizikwa, nani alivuka kwenda Uvira na nani alirudi. Humu nitawataja wote. Bosi wetu wa miaka ile peke yake nitamwita Profesa, basi. Mabosi tulikuwa nao wengi. Anayetaka kukisia akisie.

Kwenye mradi niliingia na ndoo. Nilikuwa mfagiaji. Mradi ulikuwa unafanya ankete, yaani uchunguzi, wa sida, huo ukimwi: nani anaipata, anaipata namna gani, na tumwambie nini asiipate. Vita ilikuwa imeshaanza. Profesa aliajiri vijana watatu waliotoka chuo kikuu, Gervais, Longin na dada mmoja anaitwa Spès. Kila mmoja alipewa kibao cha mbao, penseli iliyofungwa uzi, na rundo la fishi, yaani zile karatasi za maswali. Asubuhi waliondoka wamependeza. Mchana walirudi na karatasi nyeupe kama walivyokwenda nazo. Gervais alirudi na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kartie ya Mutakura, alikokimbizwa.

Profesa akasema watu hawana elimu. Mimi nilikuwa nafagia chini ya meza yake. Nikasema, "Profesa, hawa watoto wanauliza kama watu wanaotafuta wa kuua."

Akauliza nina maana gani. Nikamwambia: siku hizi akipita mtu na karatasi, nyumba kwa nyumba, akauliza hapa wanalala wangapi, wanaume ni wangapi, baba anarudi saa ngapi, kartie nzima inajua kinachokuja nyuma yake. Na fishi yenu inaanza hivyo hivyo.

"We ungeanza na nini?"

"Na salamu, Profesa."

Kesho yake ufagio ukapewa mtu mwingine, mimi nikapewa kibao.

Aliyenifundisha kazi si Profesa. Ni Mama Consolata, muforoma, yaani nesi wa mradi, yeye ndiye aliyewatoa watu damu. Nyumba yake ya Kinama ilikuwa imechomwa, akawa analala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine, na kila asubuhi alifika na gauni jeupe lililopigwa pasi. Pasi aliipata wapi, mpaka leo sijui. Alinifundisha mambo ambayo hamtayaona kwenye semina zenu za hoteli. La kwanza, usiisome karatasi mbele ya mtu, ishike kichwani, ujaze ukishatoka. La pili, ukae chini kuliko yeye. La tatu ndilo kubwa: swali la kumi na nne usiliulize mikono yake ikiwa mitupu. Kwa hiyo mimi nilitembea na ungo wa maharage. Mwanamke anayechambua maharage anatazama maharage. Mdomo wake unafanya kazi peke yake.

Wanaume ni tofauti. Mwanaume umuulize akiwa chini ya gari. Buyenzi ni gereji tupu, na dereva aliyelala chini ya lori lake, unaona miguu tu, atakuambia ukweli ambao padri hajausikia. Akitoka pale chini na kujipangusa mafuta, imekwisha, ameshakuwa mume wa mtu.

Hilo swali la kumi na nne walikuwa wamelitafsiri kwa Kiswahili cha mbali huko. Lilikuwa linasema: "Je, katika kipindi cha mwaka uliopita umeshiriki tendo na mwenzi asiye wa kudumu?" Nilimsomea hivyo mzee Barnabé pale Kinama, siku mbili baada ya risasi kupigwa pale. Akaniambia, "Mama, wa kudumu ni nani humu?" Nikalifuta kichwani, nikatengeneza langu.

Na kile kimti cha kuonyeshea kapoti, yaani kondomu, inavyovaliwa, mnakijua. Ninyi mnacho cha plastiki, sisi tulichongewa na seremala Saidi Baruani, na Saidi alikuwa mtu wa kujisifu, kwa hiyo kilikuwa kikubwa. Siku moja kwenye kizuizi cha njia ya Kinama, askari mmoja akamwaga mfuko wangu. Ukatoka ungo, kikatoka kile. Akakiinua juu.

"We Mama, hii ni kitu gani?"

"Afande, umekaa nayo miaka yote hiyo, bado hauijui?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaiweka bunduki chini. Yule alikirudisha kwenye mfuko kwa vidole viwili. Nilipokuwa nimeshapiga hatua kumi akanikimbilia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kumuachia kapoti. Nilimuachia za kujaza mkono mzima. Jina lake Ferdinand, wa mkoa wa Ngozi. Sikumuona tena.

Sasa nifike kwenye madereva.

Juu ya kila fishi kulikuwa na visanduku vinne, lazima uweke alama kwenye kimoja. Madereva. Askari. Wanawake huru, yaani wasio na mume, wanaojitafutia kwenye mabaa. Hilo ndilo jina la heshima, lile lingine mnalijua. Na deplase, watu waliokimbia nyumba zao. Hayo ndiyo yaliyoitwa makundi ya hatari. Asiye na kisanduku hana fishi, asiye na fishi hapimwi.

Wanawake wa ndoa hawakuwa na kisanduku. Niliuliza mapema tu. Profesa alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mwanamke mwenye mume mmoja, anayekaa nyumbani, hayuko hatarini. Mimi nikarudi kwa maharage yangu. Lakini madereva wote hao walikuwa wameoa, Nadine. Askari walikuwa wameoa. Labda waliporudi nyumbani sida waliiacha mlangoni pamoja na viatu.

Jirani yangu alikuwa Zaituni, mke wa Juma Ramadhani, dereva wa lori njia ya Dar. Yeye mwenyewe ameniruhusu nimtaje. Alisema, "Niandike, lakini usiniandike dereva mara ya pili." Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika binti yake Mwanaisha, mtoto aliyekula vizuri na akakonda kila mwezi. Sasa alikuwa na mimba nyingine, miezi minane.

Wakati huo hospitali kubwa ilikuwa imeanza kutoa dawa mpya: kidonge kimoja kwa mama uchungu ukianza, matone kwa mtoto akishazaliwa, asije akaipata ile ya mama yake. Lakini hawakukupa bila karatasi ya jibu la damu. Na vipimo vilikuwa haba mjini, vya bure vilikuwa kwetu tu, kwa wenye kisanduku.

Zaituni alikuja kwenye lupango yangu, uani kwangu, saa nne asubuhi, akakaa, akauvuta ungo wangu, akaanza kuchambua maharage bila mtu kumuomba. Nikajua leo ninayeulizwa ni mimi.

"Mama Rehema, we ulimuuliza Juma maswali yenu."

"Nilimuuliza."

"Alisema nini?"

Juma nilikuwa nimemuuliza chini ya lori lake. Nilipofika la kumi na nne alisema, "Andika wengi." Nikamwambia fishi inataka namba. Miguu ikajikunja, halafu ikasema, "Basi andika kila mahali gari inapumzikaka." Lakini nilikuwa nimeapa. Consolata alituapisha wote, mimi kwa Kurani, yeye kwa rozari yake, kwamba la mtu linabaki la mtu.

"Sitakuambia, Zaituni."

Akatupa jiwe moja dogo pembeni. "Basi umeshaniambia. Nipime."

"Hauna kisanduku."

"Viko vipi?"

Nikamtajia. Kwa wanawake huru alishika kifua. "Weee! Juma akisikia, talaka ataiandika kwa hiyo hiyo karatasi yenu." Deplase? "Nimezaliwa barabara hii, nimekimbia kutoka wapi?" Tukafika kwa askari, tukatazama lile tumbo, tukacheka sote wawili mpaka akashika mgongo. Kisha akaacha kucheka.

"Niandike dereva."

"Zaituni, hata baiskeli hauiwezi."

"Mi nimeolewa na ile lori, Mama Rehema. Kila kitu inabeba, inashushia kwangu. Andika."

Nikaandika. Dereva, mwanamke, ndoa ndiyo, mimba ndiyo, miezi minane. Consolata aliisoma, akanitazama, akaisoma tena, akaenda kunawa mikono. Ndipo akamtoa damu.

Kosa letu lilikuwa moja: tulisahau kwamba majibu ya labo, ile maabara, hayakuja kwetu moja kwa moja. Yalirudi kwa Profesa kwenye bahasha zenye namba. Yeye alilinganisha bahasha na fishi, akaweka sahihi yake, ndipo zikatufikia. Na wiki ile mizinga ilianguka mjini, biro, yaani ofisi yetu, ikafungwa, Profesa akawa anafanyia kazi nyumbani kwake Kiriri. Mtu mwenye nafasi anasoma kila kitu.

Spès alikuja mbio kunipa habari. "Mama Rehema, Profesa anakuita kule kwake. Hajapiga kelele. Ni mbaya."

Nilipanda Kiriri kwa miguu, mabasi yalikuwa yamesimama. Kule juu vita ilikuwa kitu cha kutazama kutoka kwenye baraza. Aliyenifungulia ni mke wake, Madamu, mwanamke mrefu, mpole, wa misa ya kila Jumapili. Aliniweka kwenye kiti kizuri, akaniletea juisi ya marakuja. Profesa alikuwa kwenye meza ya kulia chakula, fishi zimejaa mpaka ukingoni. Ya Zaituni ilikuwa peke yake mbele yake, juu yake bahasha iliyofungwa.

"Mama Rehema, tangu nianze utafiti, sijakutana na dereva mwenye mimba."

"Hata mimi, Profesa. Huyu ni wa kwanza."

"Huu ni uongo."

"Alama ni ya uongo. Mimba ni ya kweli, mwenyewe nimeishika."

"Huyu ni mwanamke wa ndoa?"

"Ndiyo."

"Wanawake wa ndoa si kundi la hatari. Imeandikwa."

"Aliyeandika aliwapima?"

"Hakuna sababu ya kuwapima. Si kundi la hatari."

"Basi mlijua namna gani?"

Alivua miwani. "Mama Rehema, we ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu, Profesa. Labda hilo la kujua bila kupima linafundishwa la nne."

Nilipolisema nilijua kazi imekwenda. Akachukua kalamu nyekundu, akachora mstari kutoka pembe hadi pembe. Fishi ya Zaituni ikawa takataka. Akasema kwa utaratibu, bila hasira, kwamba fishi iliyofutwa haina namba, na jibu lisilo na namba halina mtu, linachomwa. Ndiyo kanuni. Na akaivuta ile bahasha upande wake.

Mimi nikaitazama. Karatasi ndogo, nyepesi. Ndani yake mlikuwa na kidonge, na matone, na mtoto. Nikamwambia, "Profesa, nifukuze mimi. Bahasha nipe."

"Haifanyi kazi hivyo."

"Mutoto anazaliwa lini?"

Si mimi niliyeuliza. Ni Madamu. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia mkononi, sijui tangu swali la ngapi.

"Kama wiki mbili hivi, Madamu, inshallah."

"Chérie," Profesa akasema, "haya ni mambo ya kazi."

"Najua. Ndiyo maana niko nasimama." Aliliweka sinia juu ya fishi za askari. "Damu imeshatoka. Jibu limeshaandikwa. Mupe Mama bahasha yake."

"Huyo mwanamke hana kundi!"

"Mume iko naye?"

Profesa akaivaa miwani tena. Mke wake alikuwa anamtazama machoni, si kwa ubaya, alimtazama kama mtu anayesoma karatasi iliyoandikwa zamani na kuona leo tu kilichoandikwa. Mwanaume akageukia dirisha. Halafu akaweka sahihi, akaisukuma bahasha kwa kidole kimoja mpaka ukingo wa meza.

Niliteremka mlima sikumbuki kama nilikanyaga chini.

Consolata aliifungua mbele ya Zaituni. Sida alikuwa nayo. Zaituni akaikunja ile karatasi mara nne. Ndipo akasema, "Juma kila safari ananiletea kitu. Mi nilizani ni vitenge tu." Uchungu ulimkuta siku ya tisa, tukampeleka kwa baiskeli-teksi ya Bonaventure, kidonge amekificha kwenye fundo la kanga tangu alipopewa. Alikimeza. Mtoto akapata matone yake. Walipompima alipokua kidogo, hana kitu. Anaitwa Salama, anasuka nywele barabara ya kumi na mbili, na mdomo wake hauna breki. Juma alifariki kabla ya amani. Zaituni dawa zilimkuta bado amesimama, na leo anauza sambusa, yeye ambaye kwenye hesabu ya mradi amefutwa kwa wino mwekundu.

Wanawake wana masikio. Baada ya Zaituni alikuja Mwamini, mke wa fundi saa. Akaja Léocadie, mume wake mwalimu. Wakaja dada wawili kutoka Mutakura, Espérance na Joselyne, wamefunga vitambaa mpaka puani. Wote walisema neno moja: "Dereva." Kufikia mwisho wa ankete tulikuwa na madereva wengi kuliko malori yaliyobaki nchini. Sikufukuzwa. Fishi zilipanda Kiriri, zikarudi na sahihi, hata moja haikuwa na mstari mwekundu.

Ripoti ilisomwa kwenye hoteli moja ya mjini, pakawa na brosheti, yaani mishkaki. Ilisema madereva wa Bujumbura wamo hatarini kuliko tulivyodhani. Basi wakachapisha mabango makubwa yenye picha ya lori, wakayabandika mji mzima. Wake za watu walipita chini yake wakienda sokoni. Wengine walikuwa wanalipungia mkono.

Msiige tulichofanya. Kisanduku cha wanawake wa ndoa ninyi mnacho sasa, kiwekeeni alama na mshukuru kimya kimya. Lakini mkikuta mtu hana kisanduku, msianze kwa kumtilia shaka mtu. Kitilieni shaka kisanduku.

Jana Nadine alikuja nyumbani na fishi moja mkononi. Ya zamani, imeshakuwa rangi ya chai. "Bibi, hii tu sijaielewa. Dereva, mwanamke, miaka arobaini na sita, mimba hapana. Anakaa Kiriri. Kiriri kuna dereva gani wa lori?"

Niliitambua, mwandiko ni wangu. Alikuja kwa Consolata siku chache baada ya ile juisi ya marakuja, miwani myeusi, kitenge kichwani, gari ameliacha mbali akatembea. Alikaa kwenye benchi katikati ya Mwamini na Léocadie, akasubiri zamu yake kama wao. Nilipomuuliza kundi, hakutafuta. Alisema, "Dereva," akautoa mkono. Bahasha yake ilipanda na nyingine zote, ikarudi na nyingine zote, akaja kuichukua mwenyewe.

"Jina lake nani?" Nadine akauliza. "Bibi, we majina yote unayajua."

"Hilo siko nalo."

"Na jibu lake?"

"Nalo siko nalo. Mi nimezeeka, Nadine."

Akasogea karibu yangu. Kisha akaweka kidole chini ya karatasi, pale penye sahihi ya Profesa, ile ile ya siku zote, isipokuwa hapa wino umeshuka kidogo, kama mkono ulikaa juu ya karatasi kabla ya kuondoka.

"Na huyu, alijua anasaini ya nani?"

Nikamrudishia fishi yake. Nilimwambia hilo swali hatukuwa nalo, maswali yetu yaliishia la ishirini na mbili.